Iniesta alipigiwa makofi hadi Bernabéu

Ndugu mwandishi, katika makala yako ya wachezaji wa Hispania wanaopendwa umemweka Iniesta, kiungo wa zamani wa Barcelona, nyuma ya Ramos na Casillas waliokuwa Real Madrid; hapo umeteleza. Ramos ana mashabiki kibao, sawa, lakini mtaje mbele ya mtu wa Barcelona uone atakavyonuna. Iniesta habari nyingine. Novemba 2015 Barca waliichapa Real Madrid 4-0 palepale Bernabéu, uwanjani kwao, naye Iniesta akafunga. Alipotolewa, wenyeji wakampigia makofi. Na fainali ya Kombe la Dunia 2010 kule Johannesburg, alipoifungia Hispania bao dakika ya 116, alivua jezi tukaona fulana ya ndani yenye jina la Dani Jarque, marehemu nahodha wa Espanyol, mahasimu wa mji mmoja na Barca! Kadi ya njano akala, ila mashabiki wa Espanyol hawajamsahau mpaka leo.