Mto Masacre: Pimeni Maji Kwanza

Inaudhi kusikia hadi leo kwamba Wahaiti "wameiba" mto Masacre. Mto wenyewe ni mdogo, takriban kilomita 55. Unaanzia milimani Jamhuri ya Dominika, unapita kati ya miji ya mpakani, Dajabón upande wa Dominika na Ouanaminthe upande wa Haiti, kisha unaingia ghuba ya Manzanillo. Wakulima wa Dominika wanamwagilia kwa maji yake miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2023 wakulima wa uwanda wa Maribaroux, Haiti, waliporudi kuchimba mfereji wao, kwa saruji ya michango na nguvu za mikono, Rais wa Dominika, Luis Abinader, akafunga mpaka wote Septemba 15. Soko la Dajabón la Jumatatu na Ijumaa likafa ghafla, na hasara ikawaangukia wachuuzi wa pande zote mbili.

Mkataba wa 1929 kati ya nchi hizi mbili, ibara ya 10, unakataza kuubadilisha mkondo wa mto, lakini unaruhusu kila nchi kutumia maji kwa haki ndani ya ardhi yake, umwagiliaji ukiwemo. Mei 27, 2021 wajumbe wa nchi zote mbili walikubaliana kwamba mfereji huo hauugeuzi mto.

Basi swali lililobaki ni kiasi, na kiasi hupimwa! Chukua kipande cha mfereji kilichonyooka, chenye kuta wima, upana mita 2, kina nusu mita. Tupa kijiti, kikimaliza mita 10 kwa sekunde 20, kasi ya juu ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa 0.8, kwa sababu maji ya chini na ya pembeni huburutwa na sakafu na kuta. Kisha zidisha kwa upana na kina, unapata lita 400 kwa sekunde. Rudia mara kadhaa, maana upepo hudanganya. Pima kila banio, yaani mahali maji yanapochukuliwa mtoni, la Haiti na la Dominika, siku moja, hasa kiangazi. Lango lisiloweza kufungwa litakunywa mto mzima wakati wa ukame, na mafuriko yataujaza mfereji mchanga.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba walio upande wa chini wa mto wana haki ya kuhofu, na ziwa dogo la Saladilla, huko Dominika, linategemea maji hayo. Lakini hofu yao inajibiwa na rula ya kina iliyosimikwa kwenye kila banio, isomwe asubuhi na watu wawili, mmoja wa kila upande, na namba zibandikwe sokoni Dajabón na Ouanaminthe.