Kumpigia goti mwenza wa miaka saba: anayeshtukizwa ni nani?

Jumamosi moja jioni, katika mgahawa wa kando ya ziwa upande wa Capri Point, muziki ulizimwa ghafla na mwanamume aliyeketi meza ya pili kutoka kwangu akapiga goti. Mwenzake alikuwa katikati ya mlo, vidole vimejaa mafuta ya sato wa kukaanga, na mtoto wao wa miaka kama mitano hakuacha kula chipsi. Mwanamke yule hakutoa kidole. Aliomba kwanza jagi la maji, akanawa, akajifuta taratibu kwa tishu, na watu waliokwisha kuinua simu zao wakalazimika kungoja. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ingawa sisi wa jirani tulimsikia: "Nyumbani wanajua?" Akajibiwa kwamba baba mdogo angetumwa mwezi unaofuata. Ndipo akanyoosha mkono, na vigelegele vikapigwa.

Matukio ya namna hii si mageni tena hapa Mwanza, na kila yanapotokea watu hugawanyika. Wako wanaosema ni maigizo ya kigeni yanayomweka binti wa watu kwenye kona, na wako wanaosema kwamba hatimaye mwanamke anaulizwa yeye mwenyewe, tena kwa heshima. Kinachosahaulika ni kwamba wengi wanaovishana pete hivyo si wachumba wapya. Ni watu wa "sogea tukae": wamepanga chumba Buzuruga au Igoma, wamezaa, wamenunua friji kwa pamoja, na mtaani wanajulikana kama mume na mke. Kwa watu kama hao goti lina uzito wake wa pekee.

Hoja ya ugeni nisingependa kukaa nayo sana. Ni kweli kwamba mazoea ya pete ya almasi yalisukumwa mno na biashara, hasa baada ya kampuni ya De Beers kubuniwa mwaka 1947 kaulimbiu ya matangazo isemayo kwamba almasi ni ya milele. Lakini mwaka huohuo, Mwadui, kusini mwetu huko Shinyanga, ilipatikana almasi ya waridi yenye karati 54.5, ambayo mwenye mgodi, John Williamson, alimzawadia Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Jiwe, basi, si geni kwetu. Shela, keki na kadi za mchango navyo viliazimwa, na sijasikia kamati ya harusi ikivikataa.

Hoja nzito ya wapinzani ni nyingine, nayo inamhusu mshenga. Tumezoea kumwona kama mpambe wa maneno matamu, ilhali kazi yake kubwa ilikuwa kuwezesha watu kukataliwa bila kuaibika. Posa ilipofika, wazee wa upande wa mke hawakujibu siku hiyo. Walisema wamesikia, wataita. Shangazi alimwita binti chumbani na kumuuliza taratibu, na kama jibu lilikuwa hapana, lilirudi kwa mdomo wa mtu mzima, limefungwa katika adabu, wala kijana hakulazimika kukutana na macho ya aliyemkataa. Goti la mgahawani limefuta muda huo wote na kuubana kuwa sekunde kumi mbele ya simu za wageni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ifungwe kwa hiari ya pande zote mbili. Sisemi kwamba goti ni kulazimisha, ila "ndiyo" inayotamkwa huku mshereheshaji ameshika kipaza sauti haiwezi kupimwa sawasawa. Hata mwanamke akiibatilisha baadaye faraghani, mtaani atakayeonekana amemchezea mwenzake ni yeye.

Hata hivyo, utaratibu huo tunaousifia ulikuwa na kasoro yake: mara nyingi binti aliulizwa mwisho, na pengine ng'ombe walikwisha kuhesabiwa. Na kwa mwanamke wa miaka saba ya sogea tukae, malalamiko si kwamba ameulizwa kwa haraka. Ni kwamba hajaulizwa. Ameahidiwa, ndiyo: mwakani, nikimaliza kiwanja, msimu wa dagaa ukikaa vizuri. Ahadi ya chumbani haina shahidi. Mfanyabiashara wa soko la Mwaloni, Kirumba, aliyepiga goti mbele ya wenzake ataulizwa "lini?" kila asubuhi wanapopima magunia, na shinikizo lililomwelemea mwanamke usiku mmoja litahamia mabegani mwake kwa miezi. Tena sheria hiyohiyo inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia mahakamani, na ni vigumu kuikana ahadi iliyorekodiwa kwenye simu thelathini. Kwa sababu hiyo siwezi kujiunga na wanaoulaani umati moja kwa moja; kwa aliyesubiri muda mrefu, umati ule ni wake.

Lipo jambo ambalo hata watetezi wa sapraizi hawalitaji. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya watu wawatambue kama mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Kinga hiyo inasimama juu ya kile majirani wanachoamini. Sasa mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita mke wa fulani anapoombwa hadharani "awe" mke, majirani wanatangaziwa kwamba hakuwa. Sijui hakimu angelipima vipi jambo hilo, lakini wakili wa upande wa pili hawezi kuliacha lipite, na mbali na mahakama, fedheha yake ni ya kweli. Mama mmoja ninayemfahamu alimkatalia mwenzake mpango huo mapema kwa maneno machache: "Usinivishe pete mbele ya watu wanaojua niko kwako."

Kuhusu wazazi sitasema mengi. Baba wa Sengerema anayeiona pete ya bintiye kwenye status ya WhatsApp kabla mshenga hajabisha hodi ataongeza faini juu ya ile ya kumchukua binti bila taarifa, na atakuwa na haki. Zamani wanaume walijitetea kwa foleni ya kivuko cha kwenda Sengerema. Tangu Juni 2025, daraja la kilomita 3 la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, kisingizio hicho kimekufa.

Kwa hiyo mimi ningeipima sapraizi kwa yaliyotangulia goti. Kama wawili walikwisha kukubaliana kuoana, na yaliyofichwa ni siku na mahali tu, ile ni sherehe, na mwenye wivu avumilie. Kama swali lenyewe halijawahi kuulizwa nyumbani, au mwanamke alikwisha kusema bado, basi umati umeletwa kumtolea jibu. Baya kuliko yote ni goti la kununua muda, ambalo baada yake uchumba sugu huendelea kama kawaida, tofauti ikiwa pete kidoleni.

Wale wa Capri Point sikujua walikuwa kundi lipi. Niliona tu kwamba mhudumu alipokuja kuwafungia samaki waliobaki na kumpongeza, mwanamke alikuwa ameivua pete na kuitia kwenye pochi ndogo ya sarafu. Mhudumu akamuuliza kama imempwaya.

"Imenitosha," akajibu. "Nitaivaa baba mdogo akirudi."