Mtetea wa Mama Mkwe na Friwili Yangu

Mtu akikuambia Iringa ni mji mzuri wa kuendesha baiskeli, muulize kwanza anakaa wapi na anafanya kazi wapi. Mimi nakaa Kihesa, kazi yangu iko Ipogolo. Mji wenyewe umekaa juu mlimani, na Ipogolo iko kule chini barabara kuu inapopita, jirani na Mto Ruaha Mdogo. Asubuhi sikanyagi pedeli. Kazi yangu ni breki na salamu, kamwene huku na kamwene kule. Jioni nashuka, nashika usukani, nasukuma. Watoto wa shule ya msingi wananipita kwa miguu wakinipa shikamoo.

Baiskeli yangu ni ya mtumba, imetoka Japani. Mbele ina gia moja tu ya meno 42. Nyuma ina friwili ya gia saba, ndogo kabisa meno 14, kubwa kabisa meno 28. Ukigawa 42 kwa 28 unapata moja na nusu, yaani pedeli ikizunguka mara moja, tairi la nyuma linazunguka mara moja na nusu na baiskeli inasogea karibu mita 3. Kwenye tambarare hiyo ni raha. Kwenye mlima wa Ipogolo, mita 3 kwa mzunguko mmoja unazilipa kwa magoti.

Basi siku moja pale Mlandege nikaona kwenye meza ya vipuri friwili ya gia saba ambayo gia yake kubwa ilikuwa pana, imewazidi wenzake, inang'aa. Nikahesabu meno: 34. Nikapiga hesabu palepale, mita 2 na nusu. Muuzaji akainua friwili hadi sikioni kwangu akaizungusha, tikitikitiki. "Sikia mwenyewe, kaka. Nzima hii." Nikalipa.

Fundi wetu wa mtaani, mzee anayekaa chini ya mwarobaini, akaniambia nimletee gurudumu, ana funguo yake, kazi ni shilingi 5,000. Nikamshukuru nikaenda zangu. 5,000 ya kufungua kitu kimoja! Tena nilikuwa nimeshaangalia video. Katika ile video Mzungu mmoja alitoa friwili kwa mkono mmoja, mwingine ameshika kahawa.

Jambo ambalo Mzungu hakulisema ni kwamba friwili ya aina hii inasokotwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, na kila unapokanyaga pedeli unazidi kuikaza. Yangu ilikuwa imekazwa na miguu ya watu wote waliowahi kuimiliki, Wajapani wakiwemo. Funguo yake maalumu sikuwa nayo. Nilikuwa na nyundo, msumari wa inchi sita na Jumamosi nzima.

Usoni mwa friwili kuna duara la chuma lenye vitundu viwili. Nikaweka msumari kwenye kitundu, nikagonga kuelekea kushoto, upande ambao kila kitu duniani hufungukia. Wapi. Nikaongeza nguvu. Wapi. Basi kwa hasira nikagonga kuelekea kulia, na lile duara likalegea kwa ulaini kabisa. Nikamwita mke wangu aje ashuhudie. Akaja na mtoto mgongoni.

Kumbe lile duara ni mfuniko wa friwili yenyewe, na nyuzi zake zimekatwa kinyume. Ndani yake kuna safu mbili za gololi ndogo, kipenyo milimita 3 hivi. Kuna pia vidude viwili vya chuma vyenye springi ambavyo ndivyo vinavyotoa ule mlio wa tikitiki. Haya nayajua sasa. Wakati ule nilinyanyua tu gia mbele ya mke wangu, kwa madaha, na mvua ya gololi ikanyesha uani.

Zilienda kila mahali. Nyingine ziliingia kwenye beseni la nguo, nyingine chini ya jiko la mkaa. Mke wangu akauliza, "Ndivyo inavyotakiwa?" Nikamjibu kwamba hatua ya kwanza imekamilika.

Sasa hapa lazima niseme kuhusu yule kuku. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kilolo kumsaidia binti yake baada ya kujifungua, na alikuja na mtetea mwekundu anayempenda kuliko anavyonipenda mimi. Kuku, kama unavyojua, humeza vijiwe vya kumsaidia kusaga chakula kwenye firigisi, kwa sababu hana meno. Yule mtetea alipoziona gololi hakusita. Do, do, do. Nilipomfukuza alikimbia huku akidonoa. Mimi ninayehangaika kutafuta meno 34 naibiwa na asiye na hata moja!

Mama mkwe akatoka ndani. "Kuna nini, baba?" Nikasema hakuna kitu mama, tunacheza na kuku.

Zilizobaki nilizikusanya kwa sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Friwili mpya ninayo, ya zamani ya nini? Kile kipande kilichobaki kwenye habu nilikibana kwa spana ya mabomba ya jirani, tukaikalia watu wawili, kikatoka kwa kelele. Nikapaka grisi, nikasokota ile ya meno 34, nikarudisha gurudumu. Baiskeli nikaipindua nikajaribu gia moja baada ya nyingine. Zote zilikubali. Ile kubwa sikuijaribu. Ile nilikuwa naitunzia mlima.

Jumatatu jioni, Ipogolo. Wanafunzi wako mbele, mimi niko nyuma yao, nimekaa kwenye kiti kama dereva wa basi. Mlima ukaanza. Nikashusha gia hadi ile ya pili kwa ukubwa, miguu ikaanza kulalamika, nikasema sasa. Nikasukuma kidude cha gia hadi mwisho.

Mnyororo ulikuwa umepimwa kwa ajili ya meno 28. Ulipoanza kupanda kwenye 34 ukakosa urefu. Ukakaza, ukauvuta ule mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo, mkono nao ukanyooka mpaka pa kunyookea pakaisha. Halafu ukaamua kuingia kwenye spoki. Ta! Ta! Kraa! Gurudumu likasimama. Mimi nilikuwa bado nakanyaga.

Niliangukia upande wa majani, namshukuru Mungu. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo, akaangalia baiskeli, akaniangalia mimi. "Mzee, gia imegoma au umegoma wewe?" Wanafunzi walirudi wakanisaidia kuinua baiskeli, wakanipa shikamoo nyingine. Nilipanda hadi nyumbani nikiwa nimebeba gurudumu la nyuma begani, kwa mara ya kwanza bila kusumbuliwa na gia.

Fundi wa mwarobaini hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Aliugeuzageuza ule mkono uliopinda. "Mwanangu, huu ni mfupi. Umetengenezwa kwa meno 28. Ukitaka 34 unatafuta mkono mrefu na mnyororo mrefu. Mrefu sina. Mfupi ninao. Niletee friwili yako ya zamani tuirudishe." Nikamuuliza kama hana nyingine ya kuniuzia. Akanionyesha friwili mpya zilizoning'inia, zote za gia moja, za baiskeli za Phoenix.

Nikampa kopo la maziwa. Akazimimina gololi kwenye grisi, akazipanga moja moja kwa ncha ya bisibisi, safu ya juu, safu ya chini, kisha akanyamaza. "Zimepungua 11."

"Haziwezi kukaa hivyohivyo?"

"Ikipungua moja haina neno. 11, gia zitayumba kama mlevi. Na mimi nina gololi za habu, nina za pedeli, za friwili sina. Friwili ikifa watu wanatupa. Zako ziko wapi?"

Sikuweza kumwambia mtu mzima kwamba ziko kwenye kuku.

Nyumbani nikamwomba mke wangu azungumze na mama yake. Akacheka hadi mtoto akaamka. "Unataka nikamwambie mama kuku wake amekula baiskeli?" Basi nikaanza kumfuata yule mtetea mwenyewe, kila asubuhi kabla ya kazi, nimeinama, nimeshika ile sumaku kwa uzi, naipitisha juu ya kila alichoacha nyuma. Sumaku haikukamata kitu. Siku moja alitaga, nikalitikisa yai sikioni.

Mama mkwe akanikuta huko nyuma ya choo. "Mgongo unauma, baba?"

"Hapana mama. Natafuta ufunguo."

"Ufunguo wa kuku?"

Sikujibu. Naendelea kushikilia kwamba fundi halisi aliyeniharibia kazi ni yule ndege, na kama uani kusingekuwa na mifugo ningekuwa nimerudisha friwili yangu siku ileile bila kelele. Mke wangu ana maoni tofauti, nayo ameyatangaza hadi Kilolo.

Siku ya mwisho kabla mama mkwe hajaondoka, nilirudi kazini, kwa daladala, nikakuta nyumba inanukia. Mtetea hayupo uani. Nikanawa, nikakaa. Mama mkwe akaja na bakuli la mchuzi mwenyewe, akaniwekea mbele yangu firigisi, heshima ya mwenye nyumba. Kando yake akaweka kisosi. Ndani ya kisosi kulikuwa na gololi, zimeoshwa, zimefifia kidogo lakini duara lake bado.

"Nimehesabu, baba. Ziko 9," akasema. "Binti yangu ameniambia zilikuwa 11. Hizo mbili huenda zimo kwenye mchuzi. Tafuna taratibu."