Mayai ya Shilingi 45,000

Jumapili ile ya mavuno, kinamama wa usharika wetu wa Kilutheri walikuwa wamenipa dakika 20 za kufundisha kabla ya ibada ya pili, nami nikachagua 2 Wakorintho 10:12, pale Mtume Paulo anaposema kwamba watu wanaojipima na kujilinganisha wao kwa wao hawana akili. Nilifundisha vizuri, sikatai. Nilimleta hata Petro wa Yohana 21, ambaye Bwana alikuwa amekwisha kumwambia habari zake mwenyewe, lakini badala ya kuzitafakari akageuka, akamwona mwenzake anafuata nyuma, akauliza, "Bwana, na huyu je?" Kinamama walicheka, wakaitikia amina, na mmoja akaniomba nimwandikie andiko lile kwenye karatasi.

Nilipotoka nikaenda kuweka trei langu la mayai kwenye meza ya mnada, na hapo nikakutana na keki. Ilikuwa ya ghorofa mbili, yenye mawaridi ya sukari, na mwenyewe alikuwa jirani yangu, mama ambaye kilemba chake hakilegei na watoto wake hawalii kanisani. Mayai yangu, kwa kuwa huandika kwa penseli siku lilipotagwa kila moja nisije nikachanganya ya zamani na mapya, yalionekana kando ya keki ile kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Moyo ukaniambia, na huyu je?

Nilimwita mpwa wangu pembeni, nikamkabidhi shilingi 50,000 za mchezo nilizopokea Ijumaa, nikamwagiza asimame nyuma ya mwembe na kuhakikisha kwamba mayai ya shangazi yake hayaaibiki. Sikumwekea kikomo, na hilo ndilo kosa ambalo mpaka leo mume wangu hulitaja kila tunapozungumzia bajeti.

Baada ya ibada keki iliuzwa upesi kwa shilingi 38,000. Yalipoinuliwa mayai, mnadishaji akaanza na 8,000, na watu wote wakatazama viatu vyao. Mpwa wangu akasema 10,000 kutoka nyuma ya mwembe. Wakati huohuo mume wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka na kwaya akiwa bado na joho lake, alikuta mayai ya mkewe yanasuasua, akaingiwa na huruma, akasema 15,000. Mwembe ukajibu 20,000. Mume wangu, ambaye hakumwona anayeshindana naye na ambaye kwa tabia yake hapendi kushindwa na mti, akapanda hadi 25,000, na wakaendelea hivyo, huku waumini wakishangilia ukarimu wa watu wawili ambao mimi peke yangu nilijua kwamba wanakula chungu kimoja.

Kupiga kelele nisingeweza. Nikainua Biblia yangu juu nikiipunga, kumwashiria kijana aache.

"Na mwalimu wetu wa asubuhi anasema 40,000!" akanguruma mnadishaji.

Mpwa wangu, ambaye utii wake haujawahi kunifaa, alidhani nimeinua Biblia kumhimiza, akajitokeza mzimamzima na kutangaza 45,000. Mume wangu akageuka, akamwona, kisha akaniona mimi, mkono wangu na Biblia vikiwa bado hewani. Akavua joho taratibu, akalikunja, akaenda kukaa kwenye gari la jirani.

Jirani mwenyewe ndiye aliyekuja kunipokea trei. Alinipa pole kwa uso mkavu kabisa, kisha akasema, "Dada, ungeniambia tu. Keki yangu nimeioka kwa mayai yako yale 12 niliyonunua kwako Alhamisi. Mayai yako mbona yalishauzwa pamoja na keki?" Hapo ndipo akaangua kicheko, nami nikacheka naye, kwa sababu kulia mbele ya kwaya nzima nisingeweza. Nyuma yetu yule mama wa karatasi alikuwa akiisoma tena polepole, huku midomo yake ikicheza.

Kesho yake asubuhi nilikaanga mayai sita. Mwanangu wa darasa la nne, aliyekwisha kuambiwa habari zote na mpwa wangu, alihesabu kwa vidole, akatangaza kwamba tunakula shilingi 9,000. Mume wangu aliinua ganda moja kutoka kwenye sahani, akaisoma tarehe ya penseli, akaniuliza kama Jumatano hiyo siyo siku niliyokesha nikiandaa somo.