Nani Alipie Umbali?

Kila asubuhi tukikaribia Kenyatta Avenue, makanga wa matatu yetu huita "GPO! GPO!" na nusu ya gari hushuka. Juzi nilimuuliza kijana niliyeketi naye kama anajua GPO ni nini. Akanikodolea macho. "Si ni steji?"

GPO ni General Post Office, posta kuu ya Nairobi. Simlaumu. Kwa rika lake pale ni steji, au ni Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Na kwa kweli Huduma Centre ya kwanza ilifunguliwa hapo hapo Teleposta Towers, Novemba 2013, kisha nyingine kadhaa zikaingia kwenye majengo ya posta mikoani. Serikali ilipotaka kuwa karibu na wananchi ilikuta Posta imeshatangulia kufika.

Mimi nililelewa na sanduku la posta ambalo hata halikuwa letu. Lilikuwa la shule ya msingi, na lenyewe lilikuwa Mwingi mjini, kilomita arobaini hivi kutoka nyumbani. Mwalimu mkuu akienda mjini kuchukua mshahara alirudi na furushi la barua, na Ijumaa kwenye paredi majina yakasomwa. Wewe, mpelekee babu yako. Wewe, hii ni ya mama wa kule mtoni, pitia kwake kabla hujaenda kuteka maji. Ndimo zilimopita hawala za waume walioko Nairobi, barua za kuitwa kidato cha kwanza na habari za misiba iliyokwisha kuzikwa. Sanduku moja, vijiji vitano, na tarishi wa mwisho ni mtoto wa darasa la nne aliyeficha bahasha ndani ya daftari la hesabu isije ikakunjamana. Mshahara wake ulikuwa muwa, akibahatika.

Ndiyo sababu sishtuki nikiambiwa Posta yetu ina ofisi 600 na ushei tu. Sensa ya 2019 ilitupata watu milioni 47.6, gawanya, utaona ofisi moja inabeba karibu watu 79,000. India ina ofisi zaidi ya 150,000, nyingi mno zikiwa vijijini, na hata kwa umati wao wote ofisi moja haifikii watu elfu kumi. Sisi tuliziba pengo hilo kwa miguu ya watoto. Hata zile tarakimu tunazoandika baada ya S.L.P., 00100 ya GPO, 00200 ya City Square, 90400 ya Mwingi, hutaja ofisi tu. Mlango wako hazijui. Barua inafika pale, wewe unaifuata.

Lakini kuna jambo moja Posta ililifanya ambalo hakuna aliyelirithi: barua ya kutoka GPO kwenda Ngara na ya kwenda Lodwar zilibandikwa stempu ya bei moja. Wa karibu alimchangia wa mbali bila hata kujua. Marekani wanafanya hivyo mpaka leo, na kuna kijiji cha Supai, chini kabisa ya korongo huko Arizona, ambako barua hushushwa kwa nyumbu. Mtu wa Supai halipi stempu ya nyumbu. Analipa stempu.

Sasa tazama tunavyoishi. Mwezi uliopita nilimtumia mama miwani. Nilipeleka steji, nikaandikiwa risiti, nikalipa shilingi mia mbili, na jioni mzigo ulikuwa Mwingi mjini. Kazi safi, sina neno. Kutoka mjini hadi kwake bodaboda alitaka mia sita. Nairobi hadi Mwingi mia mbili, Mwingi hadi kwa mama mia sita! Na huyo wa boda hakukosea, barabara naijua. Ila hesabu ni hiyo: anayeishi mbali ndiye anayelipia umbali, peke yake.

Hapa mjini nako hatuna la kujivunia. Mzigo ukiletwa mtaani kwetu, mwenye pikipiki hunipigia simu mara tatu. Ukifika kwenye kibanda cha M-Pesa, pinda, uliza kwa mama mboga, geti jeusi. Mageti meusi yako manne.

Rafiki yangu ananiambia nimezeeka, hata Denmark wameacha. Ni kweli, PostNord, shirika la posta la huko, ilipeleka barua zake za mwisho Desemba 30, 2025. Ila barua zenyewe hazikukoma, kampuni nyingine ilizichukua, na kila nyumba ya Denmark ina anwani. Wao wanafunga kitu kilichokwisha kuwafikisha mlangoni. Sisi tutafunga nini, paredi?

Najua Posta ilivyodhoofika. Mwaka 1999 shirika la zamani la posta na simu lilipogawanywa, simu zilienda Telkom, barua zikabaki peke yake. M-Pesa ilipokuja 2007, hawala nayo ikaondoka. Barua hazirudi, na sizililii. Ninachotaka ni ofisi zile 600 na ushei zisiuzwe wala zisigeuzwe maduka ya simu, na mzigo mdogo, tuseme wa kilo mbili, uwe na bei moja kutoka kaunta yoyote hadi kaunta yoyote, pengo lilipwe kwa kodi. Tunalipia barabara za watu tusiowajua. Miwani ya mama yangu ina kosa gani?

Baba alipopata sanduku lake mwenyewe, mwaka aliostaafu, alinunua mnyororo wa ufunguo kwanza. Ameshafariki. Ada ya sanduku naendelea kuilipa kila mwaka, na Desemba nikienda nyumbani hupita pale kulifungua. Mara ya mwisho nilikuta kalenda ya benki na barua ya ushirika wa pamba iliyoandikwa jina lake.