Kodi ya mirathi: lihesabiwe fungu la mrithi, si jengo

Tanzania haina kodi ya urithi. Hapa Tanga, mwenye genge Ngamiani analipa ushuru kwa jasho lake kila siku, ilhali anayerithi nyumba tano Raskazone hadaiwi chochote kwa kuzirithi. Hoja ya wanaoitaka kodi hii iko hapo, na kwangu ni nzito: mmoja anaanza maisha na mtaji, mwenzake aliyekaa naye dawati moja anaanza na sifuri.

Wapinzani wana lao. Marehemu alishalipa kodi alipokuwa akichuma, na nyumba yenyewe inakatwa kodi ya majengo kwenye umeme wa LUKU. Hilo la kulipa mara mbili halinisumbui sana, maana mrithi hajawahi kulipa hata mara moja. Linalonigusa ni ukosefu wa fedha taslimu. Chukua nyumba ya Ngamiani ya shilingi milioni 120, yenye wapangaji vyumba vya uani, na madeni yote yamelipwa. Marehemu ni Mwislamu, ameacha mke, wana watatu na mabinti wanne. Mke anapata thumni, yaani moja ya nane, milioni 15. Zilizobaki, milioni 105, zinakatwa mafungu kumi, mwana mawili na binti moja: kila mwana milioni 21, kila binti milioni 10 na nusu. Nani katajirika hapo? Ukiitoza nyumba nzima itauzwa, na mjane atafungasha virago.

Uingereza inatoza mali ya marehemu kwa ujumla wake, kwa kawaida asilimia 40 ya kinachozidi pauni 325,000, ingawa mume au mke husamehewa. Ufaransa inaangalia fungu la kila mrithi, na mtoto anasamehewa euro 100,000 za kwanza kutoka kwa kila mzazi. Sisi tunaogawa mirathi kwa mafungu, njia ya Ufaransa ndiyo inayotufaa.

Shida kubwa ni hiba, mali anayoigawa mtu angali hai. Uingereza, anayegawa mali yake akaishi miaka 7 baadaye, mali hiyo haitozwi. Kwetu pia mwenye mwanasheria atagawa mapema, na atakayenaswa ni familia ambayo kiwanja chake bado kina jina la babu. Kwa hiyo naiunga mkono kodi hii kwa masharti: iguse mafungu makubwa tu, ihesabu na hiba, na mjane asidaiwe kwa nyumba anayoishi. Bila hayo, heri tubaki tulivyo.