Unayesomea utunzaji wa kumbukumbu, anza na kuteketeza

Wengi wanaojiandaa kwa mitihani ya taaluma ya utunzaji wa kumbukumbu huanza na kanuni nane zilizotolewa na ARMA International, chama cha kimataifa cha wataalamu wa kumbukumbu, mwaka 2009: uwajibikaji, uwazi, uhalisi wa taarifa, ulinzi, kufuata sheria, upatikanaji, muda wa kutunza na uondoshaji. Huzikariri kwa mpangilio huohuo, na mpangilio ndio unaowaponza. Uondoshaji unafikiwa mwisho, mtu ameshachoka, anaupitia juujuu kana kwamba ni habari ya kuchana karatasi. Mimi nasema pa kuanzia ni hapo.

Jalada lililowekwa pasipo pake masjala ipo siku litapatikana, hata kama watu watalitafuta wiki nzima. Lililochomwa ndiyo basi. Ili uthubutu kusema jalada hili liondoke, inabidi uwe umeshajiuliza nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha, sheria inasemaje, kuna kesi gani inayolihitaji, na nani ataumia kesho likikosekana. Humo ndani kanuni nyingine zote zimo, tena zikiwa na kazi ya kufanya.

Chukua kadi za Uingereza. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo iliteketeza kadi za kuwasili za watu waliotoka Karibi miongo mingi nyuma, wengi wao wakiwa watoto, na walioingia kihalali. Baadaye serikali hiyohiyo ikaanza kuwadai ushahidi kwamba wana haki ya kuishi pale. Kashfa hiyo, iliyoitwa Windrush kwa jina la meli iliyowaleta wahamiaji wa Karibi, ilipolipuka mwaka 2018, dunia ikasikia habari za wazee waliopoteza kazi, walionyimwa matibabu, na wengine waliofukuzwa nchini. Wizara ilijitetea kwa sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi: taarifa za mtu zisikae kuliko inavyohitajika. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa, na mtahiniwa akiiandika anapata alama. Lakini ilisomwa peke yake, bila mtu kuuliza kadi zile zilikuwa kinga ya nani.

Kisa cha Kenya kinaniuma zaidi. Uhuru ulipokaribia, maofisa wa kikoloni walichambua majalada. Mengine yakachomwa, mengine yakasafirishwa kimyakimya kwenda Uingereza. Yalikuja kujulikana mwaka 2011, wakati wazee walioteswa enzi za Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London: majalada takriban 8,800 ya makoloni 37 yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo. Mwanafunzi ajue pia kwamba uchomaji ule ulikuwa na maelekezo ya maandishi, na hati za uteketezaji zilitakiwa zijazwe. Anayesahihisha kwa kuweka vema kwenye visanduku angeupitisha. Taratibu zote hizo zilitumika kuuficha ukweli usiwafikie waliouhitaji, na ndiyo maana uwajibikaji na uwazi havisomeki kama maneno ya kujaza orodha.

Kwetu Tanzania tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002, na taasisi za umma zinatakiwa kuwa na mwongozo wa kuhifadhi na kuteketeza kumbukumbu. Hata hivyo bado kuna ofisi ambazo hazitupi chochote kwa miaka, majalada yanalundikana sakafuni na kuliwa na mchwa, kisha siku ya kuhama jengo kila kitu kinapakiwa kwenye lori bila orodha. Kuogopa kuteketeza nako kunapoteza kumbukumbu, maana la thamani linaoza pamoja na lisilo na thamani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayesoma sasa: weka pembeni muhtasari wa kanuni nane, omba mwongozo wa ofisi yako, chagua kundi moja tu, tuseme majalada ya watumishi, halafu andika kwa maneno yako kwa nini yamepewa miaka ile ya kutunzwa na si pungufu. Mtetee mstaafu anayefuatilia mafao. Mtetee mkaguzi. Mtetee na yule asiyetaka taarifa zake za ugonjwa zibaki masjala milele. Hoja za aina hii ndizo zinazodaiwa katika sehemu ya sita ya mtihani wa CRM (Certified Records Manager, cheti cha kitaaluma cha msimamizi wa kumbukumbu), ambako hakuna herufi ya kuchagua: unapewa mikasa ya kazini na unaandika utakavyoitatua.